Kompyuta ya chama ikigoma kuiona diski yake: fanya haya kabla ya kukubali "kupigiwa Windows"

Leo naomba tuweke mikorosho pembeni kidogo, ingawa ukisoma mpaka mwisho utaona sijatoka nje ya shamba. Nataka tuzungumze kuhusu kompyuta mpakato iliyokuwa inafanya kazi vizuri jana, halafu leo unaiwasha inakuletea skrini nyeusi yenye maandishi meupe ya Kiingereza. Kwenye HP nyingi utasoma "Hard Disk (3F0)". Kwenye aina nyingine utasoma "No bootable device" au "Operating system not found". Yote yana maana moja: kompyuta imeamka, imetafuta mahali Windows na mafaili yako yanapokaa, na haikupaona.

Unaweza kuuliza, hili linamhusu nini bwana shamba? Linanihusu kwa sababu orodha ya wakulima wa kijiji siku hizi inakaa humo. Jina, kitongoji, idadi ya mikorosho, ekari, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki. Kiasi cha salfa ambacho mkulima anapata kinatokana na orodha hiyo. Waliokuwapo huku Newala na Masasi msimu wa 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wanakumbuka kwamba wakulima walihakikiwa kwanza kabla ya kulipwa, ili kuwatenga watu wa kangomba na wenye mashamba ya kweli. Msimu ule ulitufundisha uzito wa jina kuwamo, na kuwamo kwa usahihi.

Na usiniambie kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye mfumo. Ni kweli Bodi ya Korosho ina usajili wake wa kielektroniki, na minada nayo imeingia kwenye mfumo wa TMX. Lakini mfumo unapokea kile kilichoingizwa. Kabla hakijaingizwa, kwa wiki mbili tatu, wakati mwingine zaidi, taarifa zote ziko kwenye faili moja la Excel, ndani ya kompyuta moja, mikononi mwa karani mmoja. Katika kipindi hicho hakuna nakala nyingine popote. Ndipo kompyuta inapoamua kugoma.

Nitatumia mfano mmoja nilioushughulikia. Sitataja chama wala kijiji. Ilikuwa mwezi Mei, orodha zinahaririwa kabla ya mgao wa salfa. Karani alinipigia simu saa moja asubuhi, salamu zenyewe hazikumalizika. "Bwana shamba, mashine imekufa, na watu wote wamo humo humo." Jana yake alikuwa ameshaipeleka mjini kwa fundi, akaambiwa diski imekufa, atoe shilingi 20,000 apigiwe Windows mpya. Kwa bahati hakuwa na hela mfukoni.

Hebu tafakari jibu hilo la fundi. Kama diski imekufa, Windows mpya itawekwa wapi? Na kama Windows mpya inaweza kuingia, basi diski haijafa, na kilichomo ndani yake kinakwenda kufunikwa. Kauli hizo mbili haziwezi kuwa kweli kwa pamoja. Nimekutana nayo mara nyingi kiasi kwamba sasa naichukulia kama dalili ya fundi asiyepima. Mimi si fundi wa kompyuta, stashahada yangu ni ya kilimo. Lakini kazi yetu imetuzoesha jambo moja. Ukiona maua ya mkorosho yamekauka hukimbilii kupuliza salfa. Unaangalia kwanza kama ni ubwiriunga au ni mbu wa mikorosho, maana salfa haimfanyi kitu mbu. Kompyuta nayo inataka kuangaliwa hivyo. Kosa linaweza kuwa kwenye mpangilio, kwenye waya, kwenye Windows au kwenye diski yenyewe, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu ya lingine.

Tuanze na vile visivyohitaji bisibisi.

Angalia kwanza kama kuna flashi, modemu au simu iliyochomekwa. Kompyuta nyingine imepangwa ianze kutafuta Windows kwenye flashi, ikikuta flashi ya karani yenye barua na nyimbo za kwaya, inasema haina cha kuwashia. Toa kila kitu, iwashe upya. Usicheke, hili limewahi kumgharimu mtu nauli ya kwenda na kurudi Mtwara.

Ikibaki vile vile, izime. Chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Halafu bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kwa sekunde 30 hivi. Umeme uliobaki ndani unaisha, na sehemu zilizokwama zinaanza upya. Rudisha betri na chaja, washa. Huku uwanda wa Makonde umeme unavyokatika na kurudi kwa kishindo, hatua hii ndogo imewahi kunirudishia kompyuta mbili.

Sasa ingia kwenye mpangilio wa ndani wa kompyuta, unaoitwa BIOS. Iwashe, na hapo hapo gonga gonga F10 kwa HP, F2 kwa Dell, Acer na Asus, au F1 kwa Lenovo za ThinkPad. Usibadilishe kitu. Tunaingia kutazama tu, na tunatazama vitu viwili.

Cha kwanza ni tarehe. Kama inasema uko mwaka wa zamani, ule ambao kompyuta ilitengenezwa au karibu yake, betri ndogo ya saa imekwisha. Ni kibetri cha duara kama sarafu, mara nyingi aina ya CR2032, na kwa kompyuta nyingi ni kitu cha bei ndogo. Kikiisha, mpangilio wote unarudi kama ulivyotoka kiwandani. Kompyuta iliyokuwa inawaka kwa UEFI inaweza kurudi kwenye Legacy, au diski iliyokuwa inasomwa kwa AHCI ikawekwa kwenye RAID. Diski ni nzima, Windows ni nzima, kinachokosekana ni maelewano. Unabadilisha kibetri, unarudisha mpangilio ulivyokuwa, kazi imekwisha. Hapo aliyekupigia Windows mpya amekufutia mafaili kwa ajili ya kibetri.

Cha pili ni orodha ya diski. Tafuta jina lake, litakuwa na herufi na namba pamoja na ukubwa wake, kwa mfano 500 GB. Likiwepo, kompyuta inaiona diski, na tatizo liko kwenye mpangilio au kwenye Windows. Pumua. Uwezekano wa kupata mafaili yako ni mkubwa. Lisipokuwepo, tatizo liko chini zaidi: waya, kiunganishi au diski yenyewe. Hapo Windows mpya haina msaada wowote.

Kuna jambo nalipitia haraka kwa wenye kompyuta mpya. Zile za Intel kizazi cha 11 na kuendelea, ukijaribu kuweka Windows kwa flashi, mara nyingi flashi inasema hakuna diski kabisa wakati kwenye BIOS diski ipo. Si kwamba imekufa. Kuna mpangilio unaoitwa VMD, na Windows ya kwenye flashi inahitaji programu ndogo ya Intel ndipo iione diski. Mafundi wengi wameuzia watu diski mpya kwa sababu ya hilo. Lakini kama Windows yako ya zamani bado imo, usikimbilie kuzima VMD, inaweza kugoma kuwaka kabisa.

Tarehe kwenye kompyuta ya karani ilikuwa sahihi. Mahali pa diski palikuwa patupu. Kwa hiyo yule fundi alikuwa anauza dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Kabla hujashika bisibisi, sikiliza. Weka sikio karibu na upande ilipo diski, washa. Hapa inabidi ujue una diski ya aina gani. Za zamani, ambazo ndizo nyingi kwenye ofisi za vijiji, zina sahani ndani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na kisomeo kinachoelea juu ya sahani hiyo bila kuigusa. Nafasi kati yao ni ndogo kuliko unene wa unywele mara maelfu. Ukisikia mvumo laini, sahani inazunguka. Ukisikia ko-ko-ko, kimya, halafu ko-ko-ko tena, kisomeo kimepotea njia au kimeshaharibika. Zima mara moja. Kila ukiiwasha tena kwa matumaini, kisomeo kinaweza kuendelea kukwangua sahani, na kilichokwanguliwa hakuna mtaalamu duniani wa kukirudisha. Usiigonge gonge. Usiiweke kwenye friji kama vijana wanavyoelekezana. Na mtu akikuambia ataifungua mfuniko pale mezani kwake chini ya feni, chukua chako uondoke, diski haifunguliwi nje ya chumba maalumu kisicho na vumbi.

Diski mpya, zinazoitwa SSD, hazina sahani wala sauti. Zenyewe hufa kimya. Uzuri wake ni kwamba hazijali sana kurushwa rushwa. Ubaya ni kwamba zikifa mara nyingi hazitoi onyo, na kuokoa kilichomo ni kazi ngumu zaidi.

Ya karani haikugonga. Haikuvuma pia. Kimya kabisa, kana kwamba haipati umeme. Kwangu hiyo ilikuwa habari njema, maana diski isiyopata umeme inaweza kuwa nzima kabisa.

Tukaifungua ofisini kwake. Nilitandika kitenge cheupe mezani ili skrubu zikidondoka zionekane, na nilipiga picha kwa simu kila hatua ili nijue cha kurudisha wapi. Kama hujawahi kufungua, hapa ndipo pa kumwita mtu mwenye mkono mwepesi, lakini simama pembeni yake. Tulitoa betri kwanza. Halafu nikashika bomba la maji lililotoka ardhini, ili umeme wa mwilini utoke, kwa sababu kipindi cha upepo mkavu mwili unabeba umeme wa kutosha kuua vitu vidogo.

Ndani kulikuwa na vumbi letu la kawaida, lile la udongo mwekundu linaloingia mpaka kwenye sanduku la nguo. Juu yake kulikuwa na kingine, unga wa njano mwepesi. Salfa. Kompyuta ilikuwa inalala kwenye chumba kile kile cha pembejeo, juu ya mifuko iliyobaki msimu uliopita, kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli la maana. Naelewa kwa nini. Lakini salfa na vifaa vya umeme havikai pamoja. Inashambulia shaba na fedha, inaweka ukoko mweusi, na mahali penye ukoko umeme haupiti vizuri. Unga wenyewe ni laini kiasi cha kupenya kwenye kila tundu. Kama chama chenu kina ghala moja tu, basi kompyuta ikalale nyumbani kwa karani au kwa mwenyekiti, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na iandikwe kwenye daftari la makabidhiano.

Diski ilikuwa imeunganishwa kwa kimkanda chembamba cha nyaya. Upande mmoja kilikuwa kimechomoka kidogo, upana wa kucha. Jibu la hilo nililipata nilipomuuliza karani kompyuta inasafiri vipi. Inafungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, barabara ya mchanga, kutoka kitongoji kimoja hadi kingine. Wiki tatu mfululizo. Tukasafisha viunganishi kwa brashi laini mpya ya meno iliyo kavu, kisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, tukaacha vikauke, tukakisukuma kimkanda mpaka kikaa sawa. Tukafunga. F10. Jina la diski likatokea, na 500 GB zake.

Karani akaruka. Alitaka tuwashe Windows pale pale aendelee kuandika, mgao ulikuwa karibu. Nikamkatalia, na hapa ndipo nataka unisikilize kuliko sehemu nyingine yoyote ya maelezo haya. Diski iliyopotea ikaonekana tena haijapona, imekupa nafasi. Inaweza kupotea tena baada ya dakika kumi. Windows ikiwaka inaanza kuandika mambo yake yenyewe, inasasisha, inapekua, inahangaisha diski ambayo huenda imechoka. Nafasi hiyo itumie kwa kazi moja tu, kunakili mafaili yako kwenda mahali pengine.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, itoe diski, iweke kwenye kava la diski lenye waya wa USB, uichomeke kwenye kompyuta nyingine nzima kama unavyochomeka flashi. Kava hilo linapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta mijini, na kwa maoni yangu kila kata ingekuwa nalo moja. Ya pili, kama huna kava, tumia flashi iliyowekwa Ubuntu. Unaiwasha kompyuta kwa flashi hiyo, unachagua kuijaribu bila kuisakinisha, unafungua diski na kunakili mafaili kwenda kwenye flashi nyingine. Haigusi Windows yako. Itengeneze mapema, siku ambayo hakuna shida, ukiwa na kifurushi cha intaneti cha kutosha. Siku ya shida hutapata wa kukutengenezea.

Ukichomeka diski ya namna hii kwenye kompyuta nyingine, Windows inaweza kukuuliza kama uiformati kabla ya kuitumia. Jibu ni hapana, kila mara. Inaweza pia kukuuliza kama uikague na kuirekebisha. Hapana pia, mpaka umalize kunakili. Na nakili kwa mpangilio wa umuhimu. Orodha ya wakulima kwanza. Mahesabu ya chama ya pili. Mihtasari ya vikao ya tatu. Picha za harusi ya mwenyekiti zitakuja zikipata nafasi.

Kitu kingine kinachoweza kukusimamisha hapa ni kufuli la BitLocker. Kompyuta nyingi mpya zinafunga diski zenyewe, hata mwenyewe hujui. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine inakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Kama ni kompyuta yako, ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uliyoifungua siku ulipoiwasha mara ya kwanza. Kama ni ya ofisi, muulize afisa TEHAMA wa halmashauri. Bila ufunguo hakuna njia ya kuzunguka, na anayekuambia anayo anakudanganya. Kwa hiyo uitafute leo, uiandike kwenye karatasi, uifungie kabatini.

Kwa karani tulitumia kava langu. Ilichukua karibu saa nzima kunakili kitu ambacho kwa kawaida ni cha dakika tano, diski ilikuwa inasita sita. Faili la orodha lilikuja. Tukalifungua. Kitongoji cha kwanza kizima, cha pili kizima. Karani alikuwa anashuka na kidole kwenye skrini akimtafuta mtu mmoja, bibi aliyefiwa na mume mwezi Februari. Mikorosho ilikuwa kwa jina la marehemu. Familia ilikaa kikao, wakakubaliana, barua ikapita kwa mtendaji wa kijiji, na jina la bibi likaingizwa badala ya la mumewe wiki ile ile kompyuta ilipogoma. Orodha ya karatasi iliyobandikwa ukutani ilikuwa ya mwaka uliopita, jina lake halikuwamo. Kama faili lingepotea na chama kikarudi kwenye orodha ya zamani, salfa ingetoka kwa jina la marehemu, na sote tunajua ni watu wa namna gani hujitokeza kupokea kwa niaba ya marehemu.

Alikuwamo. Mikorosho yake yote, namba yake ya simu, akaunti mpya.

Kitongoji cha mwisho hakikuwamo. Safu zake zilikuwa tupu, nyingine zina alama zisizosomeka. Karani alieleza kwamba umeme ulikatika akiwa anahifadhi, na betri ya kompyuta ile ilishakufa kitambo, inafanya kazi kwa chaja tu. Ukiwa na kompyuta ya hivyo, umeme ukikatika ni sawa na kumnyang'anya mtu kalamu katikati ya neno. Betri mpya inauma mfukoni, najua, lakini orodha ya kitongoji inauma zaidi. Kilichomwokoa ni ukaidi wake wa kizee. Kabla ya kuandika kwenye kompyuta alikuwa anaandika kwenye daftari la mistari kwa kalamu ya wino. Vijana wa ofisini walikuwa wanamcheka. Tulirudia kitongoji kizima kutoka kwenye daftari hilo kwa siku mbili, yeye akisoma, mimi nikiandika, na tulipofika mahali mwandiko wake mwenyewe ulipomshinda alimpigia simu mhusika.

Diski hiyo ilifanya kazi miezi minne zaidi, kisha ikaanza kugonga. Wakati huo hatukuwa na haja nayo.

Kuhusu nakala, naomba usiseme huna kifurushi. Faili la Excel la wakulima wa kijiji kizima ni dogo, mara nyingi halifiki hata ukubwa wa picha moja ya simu yako. Jitumie kwa barua pepe kila Ijumaa, liwe limewekewa neno la siri, maana lina namba za akaunti za watu. Weka nakala kwenye flashi inayokaa mahali tofauti na kompyuta. Nimeona flashi ya akiba ikikaa kwenye mfuko mmoja na kompyuta, vikaibwa pamoja kwenye basi. Flashi yenyewe ijaribu kwanza, kuna za bandia zinazoandikwa 64 GB na ndani hazifiki robo yake. Zinapokea mafaili kwa furaha, siku ya kuyafungua hayapo. Na mara moja kwa mwezi chapisha orodha kwenye karatasi, ipigwe mhuri, ikae kwa mtendaji wa kijiji. Karatasi haina waya wa kuchomoka.

Unaposafiri na kompyuta, izime kabisa. Kuifunga mfuniko tu hakutoshi, inaweza kuamka ndani ya begi na sahani ikaanza kuzunguka huku bodaboda inaruka mashimo. Ibebe mgongoni kwako, mwili unameza mtikisiko. Usiifunge kwenye kifuniko cha nyuma kwa mpira.

Limebaki jambo la diski iliyokufa. Mwaka ule alipita mnunuzi wa vyuma chakavu na mzani wake, na karani alikuwa ameshaiweka diski ile kwenye ndoo pamoja na misumari na bomba bovu la kupulizia. Nikaitoa. Diski isiyowaka kwako inaweza kuwaka kwa mwenye vifaa, na mle kuna majina, simu na akaunti za wakulima waliokuamini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tangu Mei 2023, na chama cha msingi kinachoshika taarifa za watu kinapaswa kuzilinda hata zikiwa kwenye chombo kibovu. Tuliiweka kwenye ubao, tukaifunika kwa gunia lililokunjwa mara mbili, tukaitoboa kwa drili matundu matatu mahali ilipo sahani. Lifunike kweli kweli gunia hilo na uvae miwani, kwa sababu sahani za diski hizi ndogo nyingi ni za kioo, zinapasuka vipande vipande. Baada ya hapo mnunuzi akaipima pamoja na misumari.